Petroli rahisi, maisha ghali: Hesabu ya nchi za mafuta ambayo familia za Kitale na Bungoma zinafaa kuijua

KILA tarehe 14 ya mwezi, wakazi wa Kitale na Bungoma hutega masikio kusubiri tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Tangazo hilo ndilo huweka bei ya juu zaidi ambayo kituo cha mafuta kinaruhusiwa kumtoza mteja kuanzia siku inayofuata hadi tarehe 14 ya mwezi ufuatao.

Bei inapopanda, athari hazikawii. Nauli ya matatu kutoka Kitale hadi Eldoret huongezeka. Mhudumu wa bodaboda mjini Bungoma hukataa kubeba abiria kwa nauli ya jana. Mkulima wa mahindi katika kaunti ya Trans Nzoia huambiwa na mwenye trekta kwamba ada ya kulima ekari moja si ile ya msimu uliopita.

Wakati kama huo, ni kawaida kusikia watu wakilinganisha hali yao na ile ya jamaa zao walioko ughaibuni. Ni boma chache katika sehemu hizi ambazo hazina binti anayefanya kazi za nyumbani Saudi Arabia, kijana anayelinda majengo Qatar au dereva aliyeko Milki za Kiarabu. Kauli inayorudiwa ni kwamba huko kwa Waarabu mafuta ni bei ya maji, kwa hivyo maisha ni mteremko na fedha za kutuma nyumbani hazikosekani.

Kauli hiyo ina ukweli nusu. Nusu ya pili, ambayo si kweli, imezigharimu familia nyingi. Ndiyo huaminiwa pale shamba linapokodishwa, ng'ombe anapouzwa au mkopo unapochukuliwa kwa chama ili mmoja wa watoto asafiri.

Tofauti ya bei ni kubwa

Tuanze na ile nusu iliyo kweli. Nchini Saudi Arabia, lita moja ya petroli ya kawaida imekuwa ikiuzwa riyali 2.18 tangu Julai 2021, serikali ya nchi hiyo ilipoamuru bei isipande zaidi ya kiwango cha mwezi uliotangulia. Bei hiyo ilikuwa bado inatumika mwaka 2025.

Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola ya Marekani tangu mwaka 1986, ambapo riyali 3.75 ni sawa na dola moja. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, ambacho kilidumu kwa sehemu kubwa ya mwaka 2025, riyali moja ilikuwa sawa na Sh34 na senti 40. Hivyo basi, lita ya petroli iliyouzwa Riyadh ilikuwa na thamani ya takriban Sh75.

Mnamo Novemba 2025, lita hiyo hiyo jijini Nairobi iliuzwa Sh184.52. Mwenye gari dogo lenye tangi la lita 40 alihitaji takriban Sh7,400 kulijaza nchini Kenya, ilhali mwenzake wa Riyadh alitumia kama Sh3,000.

Mwanya huo unatokana na mambo mawili. Kwanza, Saudi Arabia huchimba na kusafisha mafuta yake yenyewe, na serikali ndiyo huamua bei ya ndani. Inaweza kuchagua kuwauzia wakazi wake kwa bei iliyo chini ya ile ambayo ingepata ikiuza nje. Pili, mafuta ya Kenya huagizwa kutoka ng'ambo kwa dola, kisha hubebeshwa mzigo wa ushuru kabla ya kumfikia mnunuzi.

Safari ya lita moja hadi Kitale

Kenya ilikuwa na kiwanda chake cha kusafisha mafuta ghafi huko Changamwe, Mombasa, lakini kazi hiyo ilisimama mwaka 2013. Tangu hapo nchi hununua mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Chini ya mpango ulioanza mwaka 2023, serikali iliagiza mafuta kwa mkopo kutoka kampuni tatu za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC ya Abu Dhabi na ENOC ya Dubai. Kwa maneno mengine, petroli inayouzwa Kitale hutoka katika eneo lile lile ambalo vijana wa Kitale huenda kutafuta kazi.

Mafuta hayo yakishapakuliwa Mombasa husukumwa kwa bomba hadi Nairobi, na kutoka hapo hadi Eldoret na Kisumu, ambako bomba lilifikishwa mwaka 1994. Kutoka maghala hayo, malori huyabeba hadi vituo vya Kitale, Kiminini, Webuye, Bungoma na kwingineko. Ada ya bomba na ya lori huingizwa katika bei. Ndiyo sababu EPRA hutangaza bei tofauti kwa kila mji, na miji iliyo mbali na maghala hulipa zaidi.

Hata hivyo, usafiri si mzigo mkubwa zaidi. Katika bei ya mwaka 2025, ushuru na ada za serikali zilifikia takriban Sh80 kwa kila lita ya petroli. Ndani yake mlikuwa na ushuru wa bidhaa wa karibu Sh22, ada ya ukarabati wa barabara ya Sh25, ada ya maendeleo ya petroli ya Sh5.40 na kodi ya VAT.

VAT ilianza kutozwa kwa mafuta Septemba 2018 kwa kiwango cha asilimia 8, kisha ikapandishwa hadi asilimia 16 Julai 2023. Ada ya barabara nayo iliongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25 Julai 2024. Ina maana kwamba anayelipa Sh184 hulipia mafuta, usafiri na faida ya wauzaji kwa kiasi cha zaidi ya Sh100, na kinachobaki ni mchango wake kwa serikali.

Wakazi wa Kitale wana kumbukumbu nyingine inayofafanua jambo hili. Kuanzia Juni 2018, malori yaliyobeba mafuta ghafi ya Turkana yalianza safari kutoka Lokichar kuelekea Mombasa kwa barabara inayopitia Kitale. Shehena ya kwanza ilisafirishwa ng'ambo Agosti 2019. Mafuta yalipita mlangoni lakini bei ya kituoni haikushuka, kwa sababu mafuta ghafi hayawezi kutiwa katika gari na nchi haikuwa na mahali pa kuyasafisha. Kuwa na mafuta ardhini ni jambo moja, na kununua mafuta kwa bei rahisi ni jambo lingine.

Nani hufaidi petroli rahisi?

Tuje sasa kwa ile nusu isiyo kweli. Bei nafuu ya petroli humfaidi anayenunua petroli. Je, mfanyakazi kutoka Kimilili au Kwanza aliyeko Jeddah huinunua?

Anayefanya kazi za nyumbani huishi kwa mwajiri na hana gari. Mlinzi na mfanyakazi wa ujenzi husafirishwa kwa basi la kampuni kutoka makazi hadi kazini. Dereva wa familia hutia mafuta kila siku, lakini kwa fedha za mwajiri. Watatu hawa ni miongoni mwa makundi makubwa ya Wakenya walioajiriwa katika eneo hilo, na hakuna hata mmoja ambaye mshahara wake huongezeka kwa sababu petroli ni Sh75.

Ruzuku ya mafuta, kwa hivyo, huenda kwa mwenye magari mengi. Familia yenye magari matatu hupokea mara tatu ya ile yenye gari moja, na asiye na gari hapokei chochote. Faida inayomfikia mgeni ni ya mbali: pengine nauli ya teksi kuwa nafuu kidogo, au bidhaa kusafirishwa kwa gharama ndogo kutoka bandarini.

Vitu vinavyomla fedha ni vingine kabisa. Nchi za Ghuba ni jangwa na huagiza sehemu kubwa ya chakula kutoka nje. Mchele, mafuta ya kupikia na nyama huuzwa kwa bei zinazofuata soko la dunia. Kodi ya nyumba katika miji kama Dubai na Doha ni mzigo mzito kwa yeyote asiyepewa makao na mwajiri. Zipo pia gharama za data na simu za kuwasiliana na nyumbani, dawa zisizolipiwa na bima, na ada ya kutuma fedha.

Mageuzi yaliyowabana wageni

Hata zile nafuu zilizokuwapo zimepungua. Bei ya mafuta ghafi duniani ilipoporomoka kuanzia katikati ya mwaka 2014, serikali za Ghuba zilijikuta na upungufu wa fedha na zikaanza kukata ruzuku.

Milki za Kiarabu ziliacha kuganda kwa bei ya petroli Agosti 2015 na kuanza kuibadilisha kila mwezi kulingana na soko. Saudi Arabia ilipandisha petroli ya kawaida mwishoni mwa mwaka huo kutoka riyali 0.45 hadi 0.75 kwa lita, na Januari 2018 ikaifikisha riyali 1.37. Ikilinganishwa na riyali 2.18 za mwaka 2025, bei ilikuwa imepanda karibu mara tano katika muda wa miaka kumi. Mwanya kati yake na ya Kenya bado ni mkubwa, lakini si ule wa zamani.

Januari 2018, Saudi Arabia na Milki za Kiarabu zilianza pia kutoza VAT ya asilimia 5. Saudi Arabia iliipandisha hadi asilimia 15 Julai 2020, janga la Covid-19 lilipoangusha tena mapato ya mafuta. Hivyo mfanyakazi anayenunua sabuni na unga mjini Dammam hulipa VAT inayokaribia ile ya Kenya ya asilimia 16, japo mshahara wake haukatwi kodi ya mapato.

Jambo ambalo halijulikani sana ni kwamba Saudi Arabia iliwaandalia raia wake mpango wa fidia, ujulikanao kama Akaunti ya Raia, mwishoni mwa mwaka 2017. Kaya za Wasaudi zenye kipato cha chini na cha wastani huwekewa fedha kila mwezi kupunguza makali ya bei mpya. Mgeni hulipa bei hizo hizo bila fidia hiyo.

Mzigo mwingine huwaangukia wataalamu, kama vile walimu, wauguzi na wahandisi, wanaotaka kuishi na jamaa zao. Tangu Julai 2017, mgeni aliyeajiriwa Saudi Arabia hulipia kila mtegemezi anayeishi naye. Ada hiyo ilianza kwa riyali 100 kwa mwezi na ikaongezwa kila mwaka hadi kufikia riyali 400 mwaka 2020. Mwenye mke na watoto watatu alitakiwa kulipa riyali 1,600 kila mwezi, ambazo ni takriban Sh55,000, kabla hajalipia chakula wala karo katika shule za kibinafsi. Si ajabu kwamba wageni wengi waliwarudisha wake na watoto makwao wakabaki peke yao.

Qatar na kima cha chini cha mshahara

Qatar ni mfano mzuri wa kuonyesha jinsi masharti ya kazi yanavyozidi bei ya mafuta kwa umuhimu. Tangu Machi 2021, sheria ya nchi hiyo imeweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 za Qatar kwa mwezi kwa wafanyakazi wote, wakiwemo wa nyumbani. Kwa kiwango cha mwaka 2025, hizo ni kama Sh35,000.

Sheria hiyo inaongeza kwamba mwajiri asiyetoa makao lazima amlipe mfanyakazi riyali 500 zaidi za nyumba, na asiyetoa chakula amlipe riyali 300. Mkataba unaosema riyali 1,000 pamoja na chumba na chakula, na ule unaosema riyali 1,800 bila chochote, unaweza kuonekana tofauti machoni pa mzazi aliyeko Chwele au Cherangany. Wa pili una tarakimu kubwa, lakini riyali 800 kati yake tayari zina kazi, na chumba cha Doha kikigharimu zaidi ya riyali 500, pengo hutoka katika mshahara.

Juba: Mafuta tele, petroli adimu

Anayedhani kwamba kila nchi yenye mafuta ina petroli rahisi hana haja ya kutazama mbali kama Ghuba. Barabara ya kutoka Kitale kupitia Kapenguria, Lodwar na Lokichoggio huelekea Sudan Kusini, nchi ambayo zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya serikali yake yametokana na mafuta.

Tangu mkataba wa amani wa mwaka 2005, na hasa baada ya uhuru wa Julai 2011, Wakenya wengi walifuata nafasi za kazi na biashara Juba. Benki ya KCB ilifika huko mwaka 2006. Mafundi, wahudumu wa hoteli, walimu na wachuuzi kutoka magharibi mwa Kenya walikuwa miongoni mwao.

Walichokikuta ni kinyume cha matarajio. Mafuta ghafi ya Sudan Kusini husafirishwa kwa bomba kupitia Sudan hadi bandari ya Port Sudan. Petroli na dizeli zinazotumika Juba kwa sehemu kubwa huletwa kwa malori kutoka Mombasa, na mengi ya malori hayo hupita Webuye na Bungoma yakielekea Malaba, kisha Uganda, hadi mpaka wa Nimule. Lita inayouzwa Juba imebeba gharama ya safari hiyo yote.

Mjini Juba dizeli ndiyo iliyowasha jenereta kwa miaka mingi kutokana na uhaba wa umeme, na ndiyo iliyoendesha malori ya kusambaza maji ya matumizi ya nyumbani. Mafuta yalipokosekana, maji, mwanga na chakula vilipanda bei kwa pamoja.

Sarafu nayo iliwaumiza wageni. Desemba 2015 serikali iliacha kiwango rasmi cha takriban pauni 3 kwa dola, na thamani ikaanguka papo hapo hadi karibu pauni 18. Mkenya aliyelipwa kwa pauni aliona kiasi anachoweza kutuma Kitale kikiyeyuka, ilhali aliyelipwa kwa dola alinusurika. Vita vya Desemba 2013 na Julai 2016 viliwalazimisha wengi kurudi nyumbani mikono mitupu. Februari 2024 bomba mojawapo lilipasuka katika eneo la vita nchini Sudan, na serikali ikapoteza sehemu kubwa ya mapato kwa karibu mwaka mzima.

Upande wa nyumbani

Mwisho, kuna hesabu inayofanyika Kitale na Bungoma kwenyewe. Fedha zinazotumwa hazipimwi kwa riyali bali kwa kile zinachonunua sokoni hapa.

Katikati ya Januari 2024, dola moja ilibadilishwa kwa takriban Sh160. Riyali 1,000 za Saudia zilimfikia mpokeaji zikiwa kama Sh42,700. Kufikia nusu ya pili ya mwaka huo shilingi ilikuwa imeimarika hadi Sh129, na riyali zizo hizo zikawa Sh34,400. Mtoto hakupunguziwa mshahara wala hakuanza ubadhirifu, lakini mama yake alipokea pungufu ya Sh8,300.

Ni kweli kwamba petroli pia ilishuka, kutoka Sh217.36 ya Oktoba 2023, ambayo ilikuwa rekodi jijini Nairobi, hadi Sh207.36 Januari 2024 na Sh184.52 mwishoni mwa 2025. Lakini haikushuka kwa kasi ya riyali. Riyali 1,000 zilizonunua lita 206 za petroli ya Nairobi Januari 2024 zilinunua lita 186 pekee Novemba 2025. Aidha, nauli na ada ya trekta zikishapanda ni nadra kurudi zilikokuwa. Migogoro mingi ya kifamilia kuhusu fedha zilizopungua ingeepukika iwapo hesabu hii ingeeleweka pande zote mbili.

Maswali ya kuuliza kabla ya safari

Haya yote hayasemi kwamba kazi za Ghuba hazina faida. Fedha zinazotumwa na Wakenya walioko ng'ambo zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, na Saudi Arabia imo miongoni mwa nchi zinazoongoza kuzileta. Nyumba za mawe, karo na mashamba yaliyonunuliwa katika kaunti hizi mbili ni ushahidi tosha.

Hata hivyo, familia inayopanga kumsafirisha mmoja wao inafaa kuweka kando habari za bei ya petroli na kuuliza mambo manne. Je, mkataba unataja wazi nani atalipia makao, chakula na matibabu? Mshahara utalipwa kwa sarafu gani? Nani analipia viza na tiketi, ikizingatiwa kwamba kwa wafanyakazi wa nyumbani gharama hizo kwa kawaida ni za mwajiri? Na je, wakala ameorodheshwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira?

Swali la tano ni la jioni, mezani, kabla ya ng'ombe kuuzwa: baada ya kutoa deni la safari na matumizi ya huko, ni shilingi ngapi zitafika hapa kila mwezi, na ni miezi mingapi itapita kabla deni kuisha? Ikiwa mkataba ni wa miaka miwili na deni linachukua mwaka mmoja na nusu, anayesafiri atakuwa akimfanyia kazi mkopeshaji kwa sehemu kubwa ya muda wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la anayekwenda katika nchi ya mafuta lianze kwa mshahara, makao na deni. Bei ya petroli ya huko ni ya mwenye gari.